Nusu Keki ya Fernand Cyr

Claudette Cyr alikuwa ameshavua wavu wa nywele, ameshakabidhi funguo za stoo, na sasa alikuwa anasukumwa kwenye korido ya Nyumba ya Wazee ya Mtakatifu Basili, amekaa kwenye kiti kilichopandishwa juu ya toroli la nguo chafu. Wenzake wa jikoni, wanne, walisukuma huku wakicheka. Wazee waliokuwa wameegeshwa ukutani kwenye viti vyao vya magurudumu walimpungia mikono.

"Nishusheni! Nitavunjika shingo siku ya mwisho!"

"Hujastaafu mpaka uvuke mlango," alisema Thérèse wa zamu ya asubuhi. "Ukivunjika humu ndani bado ni mali ya jikoni."

Kiti ndicho kilikuwa zawadi. Watu wa zamu zote tatu walichanga wakanunua kiti kikubwa cha rangi ya kahawia, kile ambacho ukivuta mpini wa pembeni mgongo unalala na miguu inainuka yenyewe. Walikichagua kwa sababu ya magoti yake. Kwa miaka kumi na tisa Claudette alipakua supu na viazi vilivyopondwa, akasimama kwenye sakafu ya saruji, na miaka mitatu ya mwisho alikuwa akipanda ngazi za stoo kwa kugeuka nyuma, akijivuta kwa mikono.

Mlangoni alisimama Darlene, mkuu wa nyumba ile, mwanamke mrefu aliyekuwa na haya ya kulia mbele ya watu. Alimkumbatia upesi, akasema, "Nafasi yako natangaza Jumatatu. Sitapata mtu." Halafu akarudi ofisini.

Fernand alikuwa nje na pikapu yake, theluji ya kwanza ya mwaka inadondoka kidogokidogo kwenye kofia yake. Alikitazama kiti, akamtazama mkewe juu ya kiti.

"Naona umenunuliwa kiti cha enzi."

"Acha maneno, shika mguu huo."

"Wa kiti au wako?"

Wale wanne wa jikoni walicheka mpaka toroli likayumba. Walizoea utani wa wawili hao. Claudette alikuwa na miaka sitini na mitano, Fernand hamsini na tisa na nusu, na mji mzima ulikuwa ukimwambia Claudette tangu siku ya harusi kwamba alimchukua mtoto wa watu kabla hajamaliza kukua. Walifunga kiti kwa kamba. Njiani kuelekea nyumbani Claudette alitazama lango la kiwanda cha karatasi, ambalo sasa lilikuwa na mnyororo na kibao cha kuuza.

"Jumatatu sitaamka," alisema. "Uniache nilale mpaka nichoke kulala."

"Lala," Fernand alisema. "Hela zinaingia wiki ijayo."

*

Katika mji wetu watu wa kiwanda cha karatasi hawasherehekei sana miaka sitini. Siku wanayoisubiri ni ile ya hamsini na tisa na nusu. Sheria ya serikali inasema ukigusa akiba yako ya uzeeni kabla ya umri huo unatozwa faini, sehemu moja ya kumi ya ulichochukua, mbali na kodi yenyewe. Kuna njia moja ya kuikwepa. Unakubali kuchukua kwa mafungu, yanayolingana, mwaka baada ya mwaka, na huyabadilishi. Kiwanda kilipofungwa, wengi walipita njia hiyo kwa sababu hapakuwa na nyingine. Fernand alipita akiwa na miaka hamsini na saba. Kila mwezi alipata dola elfu moja na mia nne, na mshahara wa Claudette ukajazia.

Ndiyo maana mtu akifika nusu, wenzake humletea nusu keki. Lorraine wa duka la mikate huoka keki nzima na kuikata katikati kwa kisu cha mkate. Nusu moja huliwa palepale pamoja na mshumaa uliokatwa nusu, na nusu ya pili huwekwa kwenye friza ya mwenye sherehe, isiguswe mpaka iingie hela ya kwanza ya uhuru. Ya Fernand ililiwa Jumamosi moja ya mwanzo wa Oktoba katika ukumbi wa chini ya kanisa, baada ya maharage ya kuoka, na aliyeshika kisu alikuwa Gil Daigle, rafiki yake wa mashine namba tatu.

"Leo umetoka kifungoni," Gil alisema, akimpakulia. "Mimi nilipofika nusu niliwapigia simu tu. Nikawaambia, jamani, nataka zaidi. Wakanipa. Mwisho wa habari."

"Hawakuuliza kitu?" Claudette aliuliza.

"Hawakuuliza hata hali ya hewa, shemeji. Wewe kaandike barua ya kuacha kazi. Miaka sitini na mitano bado unabeba masufuria, na huyu bwana amezilalia hela kama kuku."

Claudette alimgeukia mumewe. Fernand alikuwa na krimu kwenye masharubu, na watu wote walikuwa wanamwangalia.

"Basi andika," alisema.

Akaandika. Fernand naye akajaza fomu ya kampuni, kutoka elfu moja na mia nne kwenda elfu mbili na mia tano, akaituma. Nusu ya pili ya keki ikaingia kwenye friza, chini ya nyama ya kongoni mkubwa wa msituni waliyepewa na mpwa wao.

*

Jumatatu ile Claudette alilala kweli. Saa tatu asubuhi Fernand alichukua simu, akakaa kwenye ngazi za kushukia chini ya nyumba ili asimwamshe, akaipigia kampuni kuuliza hela mpya zingeingia siku gani. Mashine ilimwambia abonyeze moja, halafu nne, halafu ataje tarehe ya kuzaliwa. Akaitaja. Mashine ikasema haijamwelewa. Akaitaja kwa sauti kubwa. Mashine ikamshukuru, ikampigia muziki wa piano kwa muda ambao mtu angeweza kuchemsha viazi.

"Asante kwa kusubiri, Bwana Cyr. Mimi naitwa Renee. Naona ombi lako hapa. Malipo mapya yanatoka Alhamisi."

"Vizuri sana. Ndilo nililotaka kujua."

"Samahani, kabla hujakata." Sauti yake ilikuwa ya msichana aliyezoea kufokewa. "Naona ulikuwa kwenye mpango wa mafungu sawa. Umeshazungumza na mtu wako wa kodi?"

"Sina mtu wa kodi. Nina miaka hamsini na tisa na nusu. Nimeshavuka."

"Ndiyo, umri umevuka. Lakini ulianza lini kuchukua?"

"Juni. Mwaka kiwanda kilipofungwa. Nilikuwa na hamsini na saba."

"Basi kuna saa mbili zinazohesabu, Bwana Cyr. Moja ni umri wako. Ya pili ni miaka mitano tangu fungu la kwanza. Unasubiri mpaka zote mbili ziishe. Ile inayochelewa ndiyo inayokufungua."

Fernand alihesabu kwa vidole kwenye ngazi, gizani. "Mpaka niwe na sitini na mbili."

"Juni ya mwaka huo, ndiyo."

"Na nikichukua zaidi sasa?"

"Sisi tutakulipa. Ni hela yako. Lakini mpango utakuwa umevunjika, na ukishavunjika serikali inarudi nyuma mpaka fungu la kwanza. Ile sehemu ya kumi uliyosamehewa unadaiwa yote kwa mafungu uliyochukua kabla ya kufika nusu, na riba juu yake."

"Ni kama dola ngapi, dada?"

"Siruhusiwi kukukadiria. Lakini ukipiga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya elfu nne."

Fernand aliinua kichwa. Juu yake alisikia kitanda kikilia, Claudette anageuka.

"Na nikipunguza? Nikiacha kabisa?"

"Ni yaleyale. Huongezi, hupunguzi, huachi. Wala huingizi hela mpya humo."

"Hakuna mtu anayetolewa?"

"Wapo. Akifariki, au akipata ulemavu wa kudumu."

"Aha," Fernand alisema. "Kwa hiyo mlango upo, ila ni mdogo."

Msichana hakucheka. Alimwambia kwamba akitaka kulifuta ombi, apige kabla ya saa kumi jioni siku ya Jumatano, kwa saa za huku kwetu, na kwamba angejaribu kumpigia kumkumbusha. Akamtakia siku njema.

*

Gil alikuwa anapasua kuni nyuma ya nyumba yake. Alisikiliza hadithi yote bila kushusha shoka, na ilipofika kwenye miaka mitano akalishusha.

"Siyo kweli. Mimi walinipa."

"Wewe ulianza na miaka mingapi?"

"Mimi nilitoka kwenye punguzo la kwanza. Hamsini na tatu."

"Hamsini na tatu. Ongeza mitano."

Gil aliongeza. Uso wake, ambao kwa kawaida ulikuwa mwekundu, ulizidi. "Kwa hiyo yangu ilikuwa imeisha kabla ya keki."

"Ilikuwa imeisha zamani."

"Na Rosaire je? Na Lionel?"

"Walitoka na wewe. Kati ya sisi tuliofungiwa mlango siku ya mwisho, mimi ndiye wa kwanza kufika nusu, na bado sijamaliza hata mitatu."

Gil aliketi kwenye gogo. "Nimemwachisha mkeo kazi," alisema. "Fernand, nimemwachisha Claudette kazi kwa mdomo wangu, na krimu mkononi."

"Hukumwachisha. Mimi ndiye niliyesema andika."

"Nina elfu mbili benki. Chukua."

"Peleka huko."

"Sasa utamwambiaje?"

Fernand aliangalia kuni zilizopasuliwa. "Bado nafikiri," alisema.

Alifikiri kutwa. Angeweza kuacha ombi liende, wakadaiwa ile faini wakati wa kodi mwezi wa Aprili, baada ya majira ya baridi kula kila kitu. Akiba yao ya benki ilikuwa ya mafuta ya kupashia nyumba joto na ya kutibu jino moja la Claudette. Angeweza kulifuta, na mezani kukabaki elfu moja na mia nne, pamoja na kile kidogo ambacho Claudette alilipwa na serikali, na humohumo walipie bima ya afya ya Fernand, ambayo mpaka juzi ililipwa na jikoni la Mtakatifu Basili. Haikutosha. Hata wakila maharage na chapati za ngano nyeusi asubuhi na jioni, haikutosha.

Jumanne alimwambia Claudette anakwenda kuangalia mitego ya sungura. Alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya daraja. Meneja alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni. Alimwambia maombi yote yanatumwa kwa kompyuta.

"Niko hapa mbele yako," Fernand alisema. "Niangalie tu uniulize mwenyewe."

"Nakuelewa, mzee. Ni mfumo. Lazima uingie kwenye mfumo."

"Nimeendesha mashine ya karatasi yenye urefu wa kanisa kwa miaka thelathini na moja."

"Sawa kabisa. Mle ndani kuna sehemu ya kuandika hayo." Kijana hakuwa na ubaya. Alimpa peremende kutoka kwenye bakuli la kaunta.

Aliporudi nyumbani Claudette alikuwa kwenye kiti kipya, miguu imeinuka, mchoro wa mtu wa theluji uliochorwa na mtoto wa binti yao Danielle ukiwa umebandikwa ukutani juu ya kichwa chake. Alikuwa amepaka rangi kwenye kucha za miguu. Fernand hakuwahi kuona hilo tangu walipooana.

"Umepata sungura?"

"Hawakuwepo."

"Hela zimeingia?"

"Alhamisi."

"Nimemwambia Danielle tutakwenda kwake Krismasi, kwa mara ya kwanza bila kuomba ruhusa ya Darlene." Alivuta mpini, miguu ikashuka, akauvuta tena, ikapanda. "Ona. Siku nzima nafanya hivi. Kichaa."

Fernand alikula peremende yake amesimama dirishani.

*

Jumatano asubuhi Fernand alitoka mapema akisema anakwenda kumsaidia Gil kuni. Saa nane na nusu mchana simu ya nyumbani ililia, Claudette akaipokea bila kutoka kwenye kiti.

"Naomba kuzungumza na Bwana Fernand Cyr."

"Hayupo. Mimi ni mkewe."

"Naitwa Renee, kutoka kampuni ya akiba. Niliahidi kumpigia kabla ya saa kumi."

"Kuhusu hela za kesho? Niambie tu mimi."

"Samahani sana, mama. Jina lako halipo kwenye akaunti. Siruhusiwi kuzungumza na wewe."

"Binti," Claudette alisema, "mimi ndiye ninayemkata nywele za masikio."

"Naelewa, mama."

"Nilikuwa naye tangu alipoingia kiwandani. Hizo hela nazijua kabla wewe hujazaliwa."

"Naelewa. Siwezi." Msichana alishusha sauti. "Ninachoweza kukuomba ni kwamba umwambie apige kabla ya saa kumi. Tafadhali. Ukimpata."

Claudette alishusha miguu. Alimpigia Gil.

"Fernand yupo hapo?"

"Fernand?" Gil alisema, kwa sauti ya mtu asiyejua kudanganya. "Ametoka tu, shemeji. Sasa hivi. Au hajafika."

"Gilbert Daigle, amefika au ametoka?"

Gil alivuta pumzi, halafu akamwambia kila kitu: saa mbili, miaka mitano, sehemu ya kumi inayorudi nyuma mpaka mwanzo. Alipomaliza alikuwa anakaribia kulia. Claudette hakumlaumu. Alisema, "Asante kwa kuwa mtu wa kwanza kuniambia wiki hii," akakata.

Alivaa viatu vya theluji juu ya zile kucha zilizopakwa rangi. Alikuwa ameshaamua kabla hajamaliza kufunga kamba. Angekwenda kwa Darlene, angeomba kazi yake. Kiti wangekirudisha dukani wakigawana hela, ikiwa wangetaka. Kwenye gari alijaribu maneno. Darlene, nilikosea. Darlene, nimechoka kukaa. Yote yalikuwa mabaya, na kila moja lilimfanya aone uso wa Thérèse akisikia, na wale wazee waliompungia mikono wakimwona amerudi siku ya tano tangu aage, na wavu kichwani.

Kwenye maegesho ya Mtakatifu Basili, karibu na mlango wa jikoni, kulikuwa na pikapu ya Fernand.

Alimkuta mbele ya mashine ya kuoshea vyombo. Alikuwa na wavu wa nywele, na wavu mwingine wa pili umefunika masharubu na kidevu, aproni imemfika juu ya kitovu tu, na Thérèse anamwonyesha kwa mara ya tatu jinsi ya kupanga sahani. Thérèse alimwona Claudette kwanza, akaweka kijiko chini, akaenda stoo kutafuta kitu ambacho hakukitaja.

"Vua hiyo," Claudette alisema.

"Nani kakwambia?"

"Wote isipokuwa wewe. Hata yule binti wa simu alijitahidi kuliko wewe. Vua aproni, Fernand, ni yangu."

"Yako imeandikwa jina. Hii haina."

"Usinitanie leo."

"Sikutanii. Darlene kanipa nafasi leo asubuhi. Majaribio wiki mbili. Mshahara wa kuanzia, siyo ule wako, lakini bima ipo. Kuchukua mshahara hakukatazwi. Nilimuuliza."

"Ulimuuliza nani?"

"Yule binti. Nilimpigia jana jioni kutoka kwa Gil. Alisema hawajali nafanya kazi wapi, mradi fungu lisiguswe."

"Na mimi ulinitazama napaka kucha."

Fernand aligeukia mashine. Alichukua sahani, akaipanga vibaya.

"Wewe hujawahi hata kuosha kikombe," Claudette alisema. "Ulikuwa fundi wa mashine. Watu walikuwa wanakupisha njia. Sasa unataka mji mzima ukuone umevaa soksi ya mdomo, unawapondea viazi akina Alcide Roy? Mimi nimezoea. Nitarudi mimi."

"Hurudi."

"Nani atanizuia?"

"Claudette." Alivuta ule wavu wa kidevuni ukabaki shingoni. "Tangu kiwanda kifungwe nimekaa pale dirishani. Kila asubuhi naangalia taa za gari lako zinashuka kilima, giza, barabara ni barafu, na wewe na hayo magoti. Halafu narudi kitandani. Unajua inakuwaje kurudi kwenye kitanda ambacho mtu mwingine ameamka kwenda kukitafutia hela? Waache waniite soksi ya mdomo. Mimi hii soksi naitaka."

Mashine iliunguruma. Claudette aliegemea kaunta ya chuma, akapumzisha goti moja, halafu lingine.

"Tungeweza kulipa hiyo faini," alisema, lakini taratibu, kama mtu anayepima kitambaa anachojua hatakinunua. "Tukatoka leoleo."

"Kwa hela gani?"

"Elfu nne ni mafuta ya majira mazima ya baridi."

"Na jino lako."

"Jino si kitu." Alitazama saa ya ukutani, juu ya jokofu, ile aliyoitazama miaka kumi na tisa. Ilikuwa saa kumi kasorobo. "Mungu wangu, hujapiga! Piga!"

"Nilisubiri kwanza Darlene akubali. Na namba nimeiacha nyumbani."

"Namba ipo kichwani mwangu. Imenipigia sasa hivi." Haikuwa kichwani mwake, ilikuwa kwenye kiganja, aliiandika kwa kalamu ya nyusi kabla ya kutoka. Alibonyeza mwenyewe kwenye simu ya jikoni, moja, halafu nne, akampa mumewe ataje tarehe ya kuzaliwa. Mashine haikumwelewa. Claudette alimnyang'anya simu akaitaja yeye, na mashine ikamshukuru. Piano ikaanza. Walisimama wamebanana, simu katikati ya masikio yao, dakika zikienda, Thérèse akichungulia kutoka stoo.

Renee alipopokea ilikuwa bado kidogo kufika saa kumi.

"Ni mimi, Cyr," Fernand alisema. "Futa. Acha ileile ya zamani. Usiongeze, usipunguze."

"Nimefuta, Bwana Cyr. Ninakusomea uthibitisho."

"Ngoja kwanza. Andika na jina la mke wangu kwenye hayo makaratasi, asije akaambiwa tena hana ruhusa."

"Hilo linahitaji fomu."

"Tuma fomu," Claudette alisema kwenye simu.

*

Saa kumi na moja walipeleka chakula. Claudette alikaa ili kumwonyesha, akasema ni kwa siku hiyo tu. Nani hali chumvi, nani anataka mkate ukatwe pembe tatu, nani lazima aambiwe kwamba mumewe anakuja baadaye ndipo ale. Fernand alisukuma toroli kwa mwendo wa mtu anayeogopa kuvunja kitu.

Kwenye meza ya mwisho alikaa Alcide Roy, aliyekuwa nyapara wa mashine namba tatu. Ni yeye aliyewahi kumkata Fernand mshahara wa nusu siku kwa kuchelewa, wakati Danielle anazaliwa. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani na hausikii. Fernand aliweka sahani, akajaza kijiko, akakisogeza. Mzee alikitazama kijiko, akapandisha macho mpaka kwenye ule wavu, masharubu yakitokeza pembeni.

"Umechelewa, Cyr," alisema.

Jikoni nzima ilisikia. Fernand alibaki na kijiko hewani, masikio yamekuwa mekundu, na Claudette akataka kukichukua kile kijiko.

"Nilichelewa, bosi," Fernand alisema. "Fungua mdomo."

Alcide akafungua.

*

Fernand Cyr alipita majaribio na akafanya kazi jikoni kwa Mtakatifu Basili mpaka Juni ya mwaka aliotimiza miaka sitini na miwili, na baada ya hapo miezi mingine saba, kwa sababu Darlene hakupata mtu. Fungu lake la dola elfu moja na mia nne liliingia kila mwezi bila kubadilika. Siku ilipofika alipiga simu kampuni. Aliyepokea alikuwa mwanamume, hakumjua Renee. Kubadilisha malipo kulichukua muda mfupi kuliko piano.

Alcide Roy alikufa Februari ya majira yaleyale ya baridi. Siku zake za mwisho alikubali kulishwa na Fernand tu.

Claudette hakurudi kazini. Goti la kushoto lilifanyiwa upasuaji likapona. La kulia lilifanyiwa likabaki gumu. Jino waling'oa. Krismasi ya mwaka ule hawakwenda kwa Danielle kwa sababu Fernand alikuwa zamu. Danielle alikuja na mtoto, wakala kwenye ukumbi wa wazee.

Gil Daigle bado ndiye anayeshika kisu chini ya kanisa, lakini siku hizi kabla hajaagiza keki kwa Lorraine humuuliza mtu alianza kuchukua lini, na wawili ameshawaambia wasubiri. Mmoja alikasirika, hawasalimiani.

Nusu ya pili ya keki ilitolewa kwenye friza jioni ya siku ile ya Juni Fernand alipopiga simu kubadilisha malipo. Ilikuwa na ladha ya nyama ya msituni na barafu. Waliila yote, Fernand amekaa sakafuni ameegemea kiti. Kiti kingali sebuleni. Mpini ulivunjika mwaka jana, miguu imekwama juu na haishuki, na Claudette hukipanda kwa ubavu.